Bata wa Mguu Mmoja

Kuna kitabu kinene chenye jalada la bluu kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Guangzhou, na ndani yake, ukurasa wa shukrani, nimo mimi. Jina halipo. Nimeandikwa "msaidizi wa lugha". Mwenye kitabu alikuja kunisomea mwenyewe mstari huo, amesimama mlangoni kwangu mtaa wa Sanyuanli na joho lake la kukodi, anasubiri nifurahi. Nilimwambia hongera, nikamkaribisha chai. Nilichokimeza siku ile nakitema leo: yule mnyama anayesimuliwa humo nilimpata mimi, niliyeishia darasa la nne. Bila mimi kitabu kile kingekuwa cha uongo tangu jalada la mbele mpaka la nyuma.

Nilifika Guangzhou miaka ile ambayo kila mwenye duka Kariakoo alikuwa anaota kontena. Tulikuja wawili, mimi na mwenzangu wa mtaa mmoja, tukinunua viatu Liuhua, pale karibu na stesheni ya treni. Safari ya tatu mwenzangu akapakia mzigo wote kwa jina lake, akapanda ndege ya asubuhi, akaniacha na begi la nguo na sufuria yangu. Huyo ndiye mhalifu wangu wa kwanza, na duka lake bado liko kona ileile, anajijua. Kurudi nyumbani mikono mitupu niliona haya, nikabaki. Nikaanza kuwatembeza wafanyabiashara wageni, viatu Liuhua, vitambaa Zhongda, nikiwasemea kwa wenye maduka. Kichina kiliniingia kwa masikio. Kusoma sijui hata herufi moja, lakini nipe laoban, mwenye duka, akiwa na hasira zake, nitamfanya acheke kabla chai yake haijapoa.

Na jambo la kwanza nililojifunza sokoni ni kwamba ukiuliza kitu, utaambiwa kipo. "Yoo, yoo!" Kipo, kipo! Kiatu cha kike, kisigino kifupi, rangi ya maziwa? Yoo! Mama wa duka hana hata pea moja ya namna hiyo, lakini atakukalisha kwenye kigoda, atakuuliza saizi, atakumiminia chai, huku mtu wake ameshatoka mlango wa nyuma kwenda kukichukua duka la jirani. Kikija, kinakuja na vumbi la rafu nyingine. Ukiambiwa "meiyoo", hakuna, ujue umemuudhi, au anakificha.

Sasa huyu mwanafunzi, mwenye kitabu. Alikuwa kijana wa Mbeya, mpole, mlokole, mrefu mpaka akiingia kwangu anainama. Serikali ilimleta kwa udhamini asome wanyama. Tulifahamiana kwa sababu alikuja mtaani kwetu kutafuta mchele unaofanana na wa nyumbani. Siku moja alikaa kwenye kiti changu akashika kichwa.

"Dada, nimekwisha," akasema. "Nimepanda milimani mara mbili, nimerudi mara mbili bila kitu. Profesa amesema hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Nisipompata hata mmoja, udhamini unakatwa, narudi nyumbani hivihivi."

"Unatafuta nini, dhahabu?"

"Salamanda."

Sikujua ni nini. Akanipeleka mkahawa mmoja mkubwa upande wa Liuhua wenye matangi ya vioo mlangoni. Kwenye tangi la chini kabisa walikuwa wamelala watatu: kichwa bapa kama kandambili iliyokanyagwa na lori, macho madogo kama mbegu za papai, ngozi laini ya kahawia, miguu minne mifupi yenye vidole, mkia mpana. Urefu wake mkono mzima wa mtu. Wachina wanamwita samaki mtoto, maana wanasema analia kama kichanga. Ni kama mjusi asiye na magamba, anaishi majini, chini ya mawe.

"Si hawa hapa?" nikamwambia. "Nunua mmoja umpelekee profesa wako."

Akacheka kwa uchungu. Akanieleza kwamba wale wanafugwa kwenye mabwawa ya saruji, ni wengi, wanauzwa kwa matajiri wa kujionyesha. Yeye kazi yake ni kujua kama yuko bado aliyezaliwa mtoni, ambaye hajawahi kuguswa na mtu. Nikainama nikawatazama vizuri, kama ninavyotazama mshono wa kiatu. Vidole vya mbele vilikuwa vimesagika, vifupi na butu, kwa kukwaruza saruji. Mikia ilikuwa na pengo pengo, wametafunana kwa kubanana. Mhudumu akaja na ndoo ya vipande vya samaki, akaigonga ukingoni mwa tangi, ko, ko, ko. Wote watatu wakainua vichwa.

Nikayaweka hayo kichwani. Mtu asiye na daftari anaweka kichwani.

Akaniomba nikamsemee huko milimani, tukapanda treni kwenda kaskazini, kisha basi, kisha gari la wazi la dalali. Namwita dalali kwa sababu sijui jina lingine la kumpa. Profesa ndiye aliyemweka, kila mtafiti wa chuo kile alipitia kwake. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la ngozi, pikipiki mpya, meno yote ya mbele ya dhahabu bandia. Huyo ni mhalifu wa pili.

Kijiji kilikuwa cha nyumba chache zilizoshikilia mlima, mianzi juu, mashamba ya mpunga ya ngazi ngazi chini, na kijito kinashuka katikati kikipiga kelele. Vijana hakuna, wote wako mjini viwandani. Kijana wangu akafungua daftari, akatoa picha ya salamanda, akamwonyesha dalali kwa heshima zote, mikono miwili.

"Mnyama huyu yupo kijijini kwenu?"

"Yoo, yoo!" akasema dalali. Halafu akauliza, "Mnataka mkubwa kiasi gani?"

Swali hilo nalijua. Kijana alikuwa anaandika kwa furaha. Mimi nilikuwa namtazama dalali akitukalisha kwenye vigoda, akitumiminia chai, na kabla chai haijashuka kooni pikipiki yake ikawa inanguruma kuteremka bonde, inaendeshwa na mdogo wake. Nilikuwa nimekaa kwenye vigoda vile mara elfu.

Chakula alichotuletea kilikuwa kizuri kwa macho, lakini kila mboga imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mimi Mwislamu, nikashukuru, nikala biskuti zangu.

Asubuhi dalali akatupeleka kijitoni, si mbali, hata viatu havikupata tope. Akatuonyesha jiwe. Kijana akavaa buti za mpira, akaingia, akainua jiwe la kwanza, la kwanza kabisa!, akapiga ukelele. Yuko. Salamanda mkubwa, mnene, ametulia kama mzigo uliowekwa. Kijana machozi yalimtoka. "Bwana asifiwe! Dada, njoo! Njoo uone!" Akaanza kutoa futi, mizani, vichupa.

Nikavua viatu nikaingia. Maji yalikuwa baridi ya kukata mfupa. Nikainama. Vidole butu. Mkia una mapengo.

"Mdogo wangu," nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "huyu ni wa duka la jirani."

"Nini?"

"Ameletwa jana. Ni wa saruji huyu. Mtazame vidole."

Akatazama, na niliona macho yake yakiona, kisha yakikataa kuona. Shida ikimkaba mtu anakuwa hivyo, nami simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa alilosema.

"Dada, vidole vinaweza kusagwa na mawe. Mimi ndiye ninayesoma haya mambo. Wewe umefika darasa la ngapi?"

Dalali hakujua Kiswahili lakini alijua ugomvi, akawa anatabasamu na meno yake. Maji yanapita miguuni, biskuti tumboni. Nikasema, "La nne. Nipe hilo beseni."

Alikuwa na beseni la bati la kupimia. Nikalichukua, nikaligonga kwenye jiwe, ko, ko, ko.

Salamanda akainua kichwa. Nikagonga tena, akatoka chini ya jiwe lake, akaja mpaka miguuni kwangu mchana kweupe, akafungua kinywa kungoja vipande vya samaki.

Kijana akakaa chini majini, na suruali yake yote. Dalali naye, badala ya kuona haya, akacheka mpaka akajipiga paja. Akasema, na mimi nikamtafsiria kijana neno kwa neno, bila kupunguza: "Wenzenu waliotangulia walimpiga picha, wakafurahi, wakaondoka. Profesa mwenyewe alimpiga picha. Nyinyi mna shida gani?"

Basi mhalifu wa tatu mmemjua. Yule profesa aliona vidole vile, au hakutaka kuviona, akaweka sahihi. Na safari hii alimtuma mtoto wa watu kwa dalali yuleyule.

Tulibakiwa na siku mbili. Kijana alijifungia chumbani na Biblia yake. Mimi njaa ilikuwa inaniuma, na njaa ikiniuma huwa nafikiri vizuri. Nikaona moshi nyumba ya juu kabisa, na sauti za bata. Nikapanda kwenda kununua bata, nimchinje mwenyewe, nimpike kwenye sufuria yangu mwenyewe. Ile sufuria niliyoachiwa na mwenzangu nilikuwa sitembei bila hiyo.

Mwenye bata alikuwa mwanamke wa rika langu, amekunja mikono ya sweta, anakata majani. Aliponiona hakukimbia wala hakunigusa nywele. Alinitazama miguuni.

"Viatu hivyo umenunua wapi?" akauliza, kwa Kichina cha mjini kabisa.

"Liuhua."

"Vua nione." Nikavua. Akachukua kimoja, akakigeuza, akaibinya soli kwa kidole gumba, akakirusha chini. "Hii gundi ya kiwanda chetu. Nimepaka gundi mimi miaka sita, mpaka kichwa kikaanza kuniuma kila siku, wakanifukuza."

"Ah! Kumbe ni wewe!" nikamwambia. "Wateja wangu wamenitukana mwaka mzima, soli zinabanduka mvua ya kwanza. Nimekutafuta!"

"Gundi walikuwa wanaichanganya na maji, siyo mimi!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Tukawa marafiki papo hapo, mpakaji wa gundi na muuza viatu aliyetukanwa. Nikamweleza habari ya mafuta ya nguruwe na kwamba nataka bata nimchinje kwa mkono wangu. Alishangaa. "Nguruwe hamli? Kabisa? Hata supu? Pole sana." Kwa kunionea huruma akaingia bandani akaniletea bata nusu bei. "Huyu ni kilema, sokoni hawamtaki. Kwako sawa, miguu si nyama."

Bata alikuwa na mguu mmoja.

Nilimlaza kuelekea kibla kadiri nilivyokisia, nikapiga Bismillahi, nikachinja. Nilipokuwa namnyonyoa nikakishika kile kigutu. Kilikuwa kimepona zamani, lakini juu yake, kwenye paja, kulikuwa na kovu la vitundu vidogo vidogo vimejipanga kwa mstari uliopinda, kama mshono wa cherehani. Mbwa haumi hivyo, wala nyoka.

"Dada," nikamuuliza, "mguu huu umeliwa na nani?"

Akaendelea kukata majani. "Ni huko bwawa la juu. Bata wangu siwaachi wafike kule, lakini wengine wakaidi. Wanakwenda wawili, anarudi mmoja na nusu."

"Nini kiko bwawa la juu?"

Hapo akaacha kukata. Akanitazama. Tangu tumefika, kijana alikuwa amewaonyesha watu picha na kuwauliza kama yupo, na kila mtu kijijini alimjibu yoo. Mwanamke huyu peke yake alikuwa hajaulizwa, kwa sababu nyumba yake iko mbali na barabara ya dalali.

"Meiyoo," akasema. Hakuna kitu.

Nikajua hapohapo kwamba yupo.

Sikumsukuma. Nilipika bata, nikamwita tukala pamoja, nikampelekea kijana bakuli lake. Wakati wa kuondoa vyombo mwanamke akasema mwenyewe, bila kunitazama: "Yule wa koti la ngozi akijua, atamuuza. Alishawauza wote wa chini. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa akimtupia utumbo wa samaki. Ni mzee kuliko mimi."

"Sisi hatutamchukua," nikasema. "Tutampima na kumwacha."

"Wewe nikuamini? Wewe unayeuza viatu vyangu?"

"Viatu vibovu navirudisha," nikamwambia. "Waulize wateja." Akacheka, akanielekeza njia ya bwawani.

Asubuhi ya mwisho, kijana na mimi tuliondoka alfajiri na jembe na kapu, vifaa vya kupimia vimefichwa ndani, kama tunakwenda kumsaidia mwanamke wa bata kuchimba machipukizi ya mianzi. Dalali alituona, akatuchekea. Tulipita nyumba ya bata, tukapanda nusu saa tukifuata kijito, sehemu nyingine kwa magoti. Bwawa lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri, chini ya jabali, maji meusi. Kijana akaanza kuinua mawe. La kwanza hakuna. La kumi hakuna. Aliinua mawe mpaka vidole vikatoka damu, na simu yake ikaonyesha tumebakiwa na muda wa kushuka tu kulikimbilia basi. Akasimama. "Dada, twende. Umejitahidi."

"Ulisema anakaa wapi mchana?"

"Kwenye pango, chini ya maji. Lakini mkono wangu haufiki."

Mimi si mrefu, lakini mikono yangu ni ya kubeba mabunda ya viatu. Nikalala kifudifudi juu ya jabali, nikazamisha mkono mpaka kwapa, uso nusu majini. Nikapapasa. Jiwe, jiwe, mchanga. Kisha kitu laini, baridi, chenye utelezi kama sabuni iliyolowa, na kikasogea. Sikupiga kelele. Nikapapasa mbele zaidi mpaka nikapata mguu, na kwenye mguu nikapata vidole. Nikavihesabu kimoja kimoja. Vinne, virefu, mviringo, vizima, havijasagwa na kitu.

"Yupo," nikasema. "Na ni wa kweli."

Mnyama alinigeukia akanishika. Ndiyo, aliniuma, kovu ninalo hapa kwenye kifundo cha mkono, mshono wa cherehani uleule. Nilipochomoa mkono alitoka nao, na kijana akamkinga kwa wavu. Alikuwa karibu mweusi, mabaka kama kutu, mkia mzima usio na pengo. Alipotolewa majini alitoa sauti. Wanasema kama kichanga. Mimi nimezaa, kichanga hakilii hivyo. Alilia kama mtu mzima aliyeamshwa vibaya. Kijana alimpima, akamfuta ngozi kwa pamba akaweka kwenye kichupa, akapiga picha, akamrudisha. Aliingia chini ya jabali bila kugeuka. Nikachukua lile beseni, nikaligonga jiwe, ko, ko, ko. Tukangoja. Hakutoka.

Kijana akapiga magoti akaomba. Mimi nilijifunga mkono kwa kanga na kumwambia, "Sasa apa. Jina la bwawa hili haliingii kwenye kitabu. Wala la kijiji."

"Dada, kisayansi inabidi..."

"Kisayansi uliniuliza darasa la ngapi. Apa."

Akaapa, na kiapo alikishika, hilo nampa. Maabara ilithibitisha kwamba asili ya mnyama yule haifanani na ya wale wa saruji. Profesa alilazimika kuweka sahihi, na nasikia picha yake ya zamani ya yule wa saruji iliondolewa ukutani chuoni. Udhamini haukukatwa. Kijana sasa ni daktari wa elimu, anafundisha nyumbani. Ila kwenye mstari wangu aliandika "lugha". Hakuandika mkono. Kwa hiyo yeye ni mhalifu wa nne, mdogo kuliko wote, na akija nitampikia.

Dalali naye alikuja. Mwaka uliofuata niliinua macho nikamwona kwenye mlango wa ofisi ya kago ninayofungia mizigo Sanyuanli, na koti lake na mfuko wa uyoga mkavu. Aliketi, akasifu afya yangu. Halafu akasema amesikia chuoni kwamba tulimpata mmoja wa porini. Kuna mteja tajiri. Ni wapi?

Nilikuwa nafunga bunda kwa selotepu. Sikuacha kuvuta.

"Meiyoo."

"Hata kule juu, kwa yule mama wa bata?"

"Meiyoo," nikasema, kama mama wa duka aliyeudhiwa, nikakata selotepu kwa meno. Miaka yote ile sokoni nilikuwa nalisikia neno hilo kutoka kwa wengine, na siku ile nililisema kama mwenye duka. Akangoja kidogo, akachukua mfuko wake wa uyoga, akaondoka.

Kwa muda mrefu sikuwa na raha. Nilijiuliza kama alipanda mwenyewe. Kisha mwanamke wa bata akanipigia simu, amekopa simu ya mtu, anapaza sauti kama vile mlima ni ukuta kati yetu.

"We muuza viatu! Unanisikia? Bata wangu mwingine amerudi na mguu mmoja!"

"Lini?"

"Leo hii! Damu mbichi! Na alikuwa ndiye mtagaji mzuri! Unacheka nini wewe?"

Nilikuwa nacheka kweli, peke yangu katikati ya mabunda, nimeshika kifundo cha mkono wangu. Nikamwambia pole sana, dada yangu, na aniwekee huyo bata.